Usiku Mmoja Geita: Tulipokwenda Kuhesabu Joto la Nyumba

Ndugu msomaji, haya ni maelezo ya safari fupi ambayo kamati ya msikiti wetu ilitutuma mwezi Julai mwaka 2025, kutoka Shinyanga hadi Geita. Tunayaandika kwa kuwa jambo tuliloliendea linamgusa kila mwenye kupanga nyumba, na kila mwenye dhamana ya kumpangia mwenziwe.

Kamati ilipokea barua ya ustadh tuliyemlea katika madrasa yetu, ambaye sasa anafundisha watoto katika mtaa mmoja wa mji ule wa dhahabu. Pango na umeme wa nyumba yake tumejifunga kuvilipa sisi. Ustadh aliomba ruhusa ya kuhama. Nyumba anayokaa ni ya shilingi 50,000 kwa mwezi. Aliyoipata ni ya shilingi 80,000. Sababu aliieleza kwa mstari mmoja tu: nyumba ina baridi, na mkewe amejifungua.

Kikaoni kauli ziligawanyika. Wapo waliouliza ni baridi gani hiyo ya Geita isiyoweza kuondolewa na blanketi. Wapo waliosema mwalimu wa watoto wetu haombi ila amebanwa. Fedha ile ni sadaka za waumini, nyingine ni za wajane wanaouza mboga, na kuitoa bila hesabu ni kosa kama ilivyo kosa kuizuia bila haki. Ikaamuliwa twende watatu: katibu, mhazini, na mzee wetu mmoja ambaye ni fundi wa ujenzi tangu ujana wake.

Tuliondoka baada ya Alfajiri, tumejifunika mashuka mabegani. Mgeni hudhani Shinyanga ni joto tupu mwaka mzima. Lakini mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, mbingu huwa wazi usiku na ardhi hupoa upesi. Gari lilipita Maganzo, penye njia ya almasi ya Mwadui, kisha Mwigumbi, Mabuki na Misungwi. Kando ya barabara tuliona magunia ya mkaa yamepangwa yakisubiri wanunuzi. Mzee wetu akatukumbusha jinsi mkoa huu ulivyobaki mtupu, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, wa kurudisha miti na kufufua ngitili za Wasukuma. Kila gunia la mkaa, akasema, ni mti uliokuwa umesimama mahali.

Kigongo tulivuka kwa daraja jipya la kwenda Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka huohuo. Zamani hapo tulikuwa tukipanga foleni kusubiri kivuko. Tukapita Sengerema, na Adhuhuri ikatukuta Geita. Mji huu umekua mbele ya macho yetu: mgodi mkubwa ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000, mkoa ukatangazwa mwaka 2012, na kila anayekuja kutafuta riziki hutafuta kwanza pa kulala. Kwa hiyo vyumba hujengwa kwa haraka, ukuta ukapandishwa na bati likapigiliwa, na mpangaji akaingia kabla saruji haijakauka vizuri.

Nyumba ya ustadh ilikuwa ya namna hiyo. Haina dari. Ukiinua macho unaliona bati lenyewe, na kati ya bati na ukuta kuna nafasi ya kupitisha mkono. Tulikuwa tumebeba kipimajoto cha ukutani. Saa nane mchana kilisoma nyuzi 33 ndani, ilhali kivulini nje ni 28. Mzee wetu akatufafanulia: bati hulipokea jua na kulishusha lote chumbani, na usiku hulipeleka joto la chumba mbinguni kwa wepesi uleule. Asiye na dari hana nyumba, akasema, ana mwavuli. Akaikumbuka misonge ya wazee wa Kisukuma, ambayo nyasi zake nene zilishika hewa katikati yake, mchana ikawa na ubaridi na usiku ikahifadhi joto.

Baada ya Isha tukaona tulichokuwa hatukukijua. Ilipofika saa tatu, jirani mmoja, mama wa makamo, alileta jiko la mkaa uliokolea na kuliingiza chumbani kwa mzazi. Tulimwamkia kwa heshima na kumuuliza kama huwa hivyo kila usiku. Akajibu, "Kila usiku, baba zangu. Mtoto wa siku kumi na mbili atalalaje kwenye baridi hii? Tunafunga na dirisha ili joto lisitoke."

Mhazini wetu, aliyekuwa mkali kuliko wote kikaoni, alinyamaza. Mkaa uliokolea hauna moshi, na ndiyo maana watu huuamini. Lakini hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo katika chumba kilichofungwa humlaza mtu usingizi asioamka. Mtume (s.a.w.) alituagiza tusiache moto ukiwaka ndani ya nyumba tunapolala, na agizo hilo limethibiti katika hadithi sahihi. Ustadh analijua, amelisomesha. Lakini alijikuta kati ya hofu mbili, akaichagua ile asiyoiona. Usiku ule jiko lilitolewa nje, dirisha likafunguliwa kidogo, na mashuka yetu matatu ya safari yakabaki kwa mzazi na mtoto.

Sisi tulilala katika ile nyumba ya pili, kwa idhini ya mwenyewe, juu ya mikeka. Kuta zake ni za tofali za kuchoma zilizopigwa lipu, ina dari ya jipsamu, na upenyo wa juu ya ukuta umezibwa, yakaachwa matundu ya kupitishia hewa juu ya dari. Tulipoamka kwa Alfajiri, nje kipimajoto kilisoma nyuzi 16, na ndani 21. Tukakipeleka kwa ustadh upesi: ndani mwake kilisoma 17. Tofauti ya nyuzi nne, bila kuwasha chochote.

Basi tukaketi na daftari. Ustadh alikuwa ameandika matumizi yake. Mkaa wa kupasha chumba ni shilingi 30,000 kwa mwezi, na wa maji ya kuoga shilingi 30,000 nyingine, kwa miezi mitatu ya baridi. Mkaa wa kupikia hatukuuhesabu, kwa sababu hautabadilika. Umeme anachangia shilingi 15,000 kila mwezi, kwa kuwa wapangaji wote wanatumia LUKU moja. Hapo kuna siri ambayo wengi hawaijui. Mteja mdogo wa TANESCO, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 122 kwa uniti pamoja na kodi na tozo. Wapangaji wengi wakijumuika katika mita moja huvuka kiwango hicho, na kila uniti huwa takriban shilingi 356.

Nyumba mpya ina mita yake. Majagi manne ya umeme ya maji yaliyochemka, yakichanganywa na ya baridi, hutosha ndoo ya lita 20, na hula kama uniti 0.7. Ndoo mbili kwa siku ni uniti 42 kwa mwezi. Taa, simu na feni ni kama uniti 20. Jumla ni 62, chini ya 75. Ama hita ya umeme ya kupasha chumba tuliikataa mapema: yenye wati 1,000, ikiwashwa saa sita kila usiku, hula uniti 180 kwa mwezi na kumtoa mtu kabisa katika kundi la bei nafuu.

Kwa mwaka mzima, nyongeza ya pango ni shilingi 360,000. Upande wa kuokoa: mkaa wa kupasha chumba, 90,000; maji ya kuoga, baada ya kutoa gharama ya umeme wake, takriban 74,600; umeme wa kawaida, baada ya kutoa kodi ya jengo ya shilingi 1,500 inayokatwa kila mwezi kupitia LUKU, takriban 132,700. Jumla ni 297,300. Zilipungua shilingi 62,700.

Tunasema kweli: nyumba bora haikujilipa. Tungependa kuiambia kamati kuwa itaokoa fedha, lakini hesabu ilikataa, na katibu hana ruhusa ya kuilainisha. Tulichoweza ni kumwendea mwenye nyumba na kumkumbusha kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Alikubali kuipunguza katika pango, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Ikabaki pungufu ya shilingi 44,700, ambayo ni kama shilingi 3,700 kwa mwezi.

Mhazini aliiangalia tarakimu hiyo ya mwisho kwa muda mrefu, kisha akaandika kwa mkono wake pembeni: "Hii ndiyo bei ya kutolaza jiko na mtoto." Kamati ilipoisoma, haikujadili zaidi. Ustadh alihamia kabla ya arobaini ya mtoto kutimia.

Ndugu msomaji, unapotafuta nyumba, usiulize pango peke yake. Tazama juu: kuna dari? Tazama kuungana kwa ukuta na bati. Uliza mita ni ya nani, na kodi ya jengo inamkata nani. Andika mkaa wako wa mwezi mmoja. Ukishindwa kuhama, ziba upenyo ule, tundika hata dari ya viroba vilivyoshonwa, mbali na moto, na umfunike mtoto vizuri. Lakini jiko la mkaa litoke nje kabla hujalala. Katika Surat An-Nahl Mwenyezi Mungu ameitaja nyumba miongoni mwa neema zake, kuwa ni mahali pa utulivu. Kuipima neema hiyo kwa uangalifu ni sehemu ya kuishukuru.