Picha Isiyo na Steringi

Kama ulikulia Dar es Salaam katika enzi za majumba ya sinema, hapana shaka unalikumbuka swali aliloulizwa mtu aliyetoka Empire, Avalon au Empress, kabla hata salamu hazijaisha: "Steringi nani?" Jina likitajwa, muulizaji alijua mara moja kama fedha yake ingetoka mfukoni au ingebaki. Maana steringi alikuwa na kanuni zake. Mwanzo hupigwa, mwisho hupiga. Na lililo kubwa kuliko yote, steringi hafi. Ilipokuja Sholay, iliyotengenezwa mwaka 1975, na Jai aliyechezwa na Amitabh Bachchan akakata roho mbele ya macho yetu, baadhi ya wenzangu walitafuta njia ya kuiokoa kanuni hiyo. Walidai kwamba steringi hasa alikuwa Veeru, yule aliyebaki hai.

Kwa mtu aliyelelewa hivyo, Wezi wa Baiskeli ni picha ya kukimbia. Ilitengenezwa Roma, na Vittorio De Sica, mwaka 1948. Haina rangi. Watu wake wanasema Kitaliano, na anayetaka kuwafuata hana budi kusoma maandishi yapitayo chini. Hakuna bastola wala mapenzi ya bustanini. Rafiki yangu aliyekuwa akiisifu, nilipomwuliza kisa chake, alinijibu kwamba mtu anatafuta baiskeli yake. Basi. Karibu dakika 90, baiskeli! Niliichukua kwa heshima ya urafiki wetu, nikaiweka nyumbani jioni ya Jumamosi moja, nikakaa karibu na mlango ili nikichoka nitoke bila kuwasumbua wengine. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Mwanetu, aliyekuwa na umri wa miaka 10, alibaki kwa sababu hakuwa na jambo jingine la kufanya.

Sikutoka. Kilichonizuia ni shuka.

Vita vimekwisha, Roma imejaa watu wasio na kazi. Antonio Ricci anapata kazi ya kubandika mabango ya matangazo mitaani, lakini kwa sharti moja: awe na baiskeli. Baiskeli anayo, ila iko rehani. Mkewe, Maria, halii wala hatoi hotuba. Anavua shuka kitandani, anazifunga, anazipeleka kwenye duka la rehani, na kwa fedha hiyo baiskeli inakombolewa. Ndipo tunapomwona mtumishi wa duka akilibeba furushi lile na kuanza kupanda. Anapanda rafu moja, nyingine, nyingine tena, mpaka karibu na dari, na kila rafu imejaa mafurushi ya shuka za watu wengine. Hakuna anayesema neno. Umaskini wa mji mzima umepangwa pale kama vitabu.

Mke wangu aliacha mchele. Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, kulikuwa na cherehani ambayo miezi mingine ilikuwa haionekani. Sisi watoto tuliambiwa imekwenda kutengenezwa. Ilirudi baba alipopata mshahara, na mama aliifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake taratibu, kama mtu anayempokea mgeni. Sikupata kumwuliza. Ile picha ya Kitaliano ilinionyesha mahali cherehani ilipokuwa imelala.

Siku ya kwanza ya kazi, Antonio akiwa juu ya ngazi anabandika bango la Rita Hayworth, baiskeli inaibwa. Polisi wanaandika maelezo yake na kumwambia aitafute mwenyewe. Jumapili yake anazunguka Roma akiwa na mwanawe Bruno, mtoto ambaye naye ana kibarua katika kituo cha petroli. Huyu Bruno ndiye aliyenishinda kabisa. Anaifahamu baiskeli ile kuliko baba yake. Ilipotoka rehani aliikagua na kunung'unika kwa kuwa ilikuwa imebonyezwa. Sokoni anatafuta pampu na kengele, baba anatafuta fremu. Katikati ya msako huo mambo yanachosha kidogo, hasa pale kanisani, na nadhani De Sica angaliweza kupunguza. Lakini baadaye baba, kwa uchungu wake, anampiga mtoto kofi lisilostahili. Kisha anajuta, anahesabu fedha mfukoni, anampeleka kula hotelini pamoja na wenye nazo. Wanakula, wanapiga hesabu ya mshahara ambao tayari umekwisha potea. Ni baba gani wa mjini asiyejua chakula cha namna hiyo?

Mwisho wake utanisamehe nikiutoboa, kwani hakuna fumbo la kuharibu. Nje ya uwanja wa mpira ziko baiskeli nyingi mno, na moja imeegemezwa mlangoni peke yake. Antonio anamwambia mtoto apande tramu aende. Tramu inamwacha mtoto. Kwa hiyo Bruno yupo pale baba yake anapoiiba ile baiskeli, anapokimbizwa, anapokamatwa na kupigwa makofi hadi kofia inaanguka. Mtoto anaiokota kofia, anaipangusa. Mwenye baiskeli anamtazama mtoto, kisha anaamua kumwachilia baba. Wanatembea katika umati, baba analia, na Bruno anamshika mkono.

Jina la picha linasema wezi, si mwizi.

Mwanangu aliuliza swali moja: "Baba, kesho ataenda kazini na nini?" Sikuwa na jibu, na picha haina. Nimesoma baadaye kwamba Lamberto Maggiorani, aliyekuwa Antonio, hakuwa mwigizaji bali mfanyakazi wa kiwandani. Picha ilipata sifa duniani, ikatunukiwa Oscar ya heshima mwaka 1950. Yeye alirudi kiwandani, na hatimaye akapunguzwa kazi. Anayetaka steringi na ayatafakari maisha ya mtu huyo.

Tangu jioni ile tumeitazama mara tatu, na kila mara mimi na mke wangu tunabishana juu ya jambo ambalo De Sica hakulionyesha. Baba na mtoto watafika nyumbani, Maria atawafungulia mlango. Mke wangu anashikilia kwamba Bruno atamwambia mama yake usiku huo huo, kwa kuwa mtoto hawezi kulala na mzigo kama ule. Mimi nasema hatamwambia, hata akizeeka.