Koki ya Mama, Risiti ya Leicester

Koki ya jikoni kwa mama, Ngamiani, Tanga, ilianza kuvuja siku ya tisa baada ya kufungwa. Ilikuwa mpya, imetoka kwenye boksi, inang'aa. Aliponieleza kwa simu nikamjibu kama mtu aliyekaa Uingereza miaka kumi na moja: "Irudishe dukani, mama." Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, yule bwana tunasalimiana kila asubuhi. Nitaingiaje kwake na koki mkononi?"

Siku ile niliudhika. Niliona mama anaonewa na anaogopa kusema.

Huku Leicester kurudisha kitu hakuna haya. Unapanga foleni, unatoa risiti, unasema kina kasoro, fedha zinarudi kwenye kadi ileile uliyolipia. Anayekuhudumia hakujui na wewe humjui. Sheria ya Haki za Mlaji ya 2015 inakupa siku 30 za kukataa kitu kibovu na kurudishiwa fedha zako zote. Ulichoagiza mtandaoni, mara nyingi una siku 14 tangu kikufikie za kughairi, hata kama hakina ubaya wowote. Lakini ndugu zetu wanaofika sasa hivi huchanganya jambo moja: kitu kizima ulichokichagua dukani kwa mkono wako, kisha rangi yake ikakuchosha nyumbani, duka halilazimiki kukipokea. Maduka mengi hupokea kwa hiari yao na kwa masharti yao, kwa hiyo soma nyuma ya risiti kabla hujakata lebo.

Kwetu kuna yale maandishi ya ukutani ambayo nimeyaona tangu utotoni: mali ikishauzwa hairudishwi. Zamani niliyasoma kama ukatili. Sasa nakumbuka kilichokuwa kikifanyika chini ya maandishi yale. Ukinunua balbu, muuzaji anaitoa kwenye boksi na kuichomeka kwenye soketi ya majaribio palepale dukani. Inawaka, mnaiona wote wawili, ndipo unatoa hela. Feni inazungushwa, redio inawashwa. Sijawahi kufanyiwa hivyo katika duka lolote kubwa la Leicester. Hapa unabeba boksi lililofungwa na kasoro unaikuta nyumbani, na ndiyo maana sheria inakupa siku za kurudi. Kwetu ukaguzi hutangulia malipo. Ukishatoka, mmekubaliana.

Tatizo ni kwamba koki haijaribiwi juu ya kaunta. Pale hakuna maji.

Mwishowe mama alimtuma fundi wake, yuleyule aliyeifunga. Fundi hakwenda kulalamika. Alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akaiweka koki mbele ya muuzaji na kusema, "Hii imetusumbua, hebu tuitazame wote." Wakaifungua pamoja. Ndani, pale mpira unapokalia, chuma kilikuwa na pengo. Hata ungeweka mpira mpya kila wiki isingeacha kudondosha. Muuzaji akatoa nyingine. Mama hakuingia dukani, na kesho yake asubuhi walisalimiana kama kawaida.

Nilijifunza kwamba kwetu kurudisha kitu kuna adabu zake, na adabu hizo zinafanya kazi. Hata hivyo sitaki kuzisifu kupita kiasi, kwa sababu zinamlinda anayejulikana. Kijana aliyehamia Dar mwezi uliopita, akanunua koki Kariakoo kwa mtu asiyewahi kumwona, anamtuma nani? Yeye kinga yake ni karatasi. Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za kielektroniki mwaka 2010, na bado watu wengi huondoka bila kudai risiti, au huiacha juu ya kaunta. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtambua mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, lakini kote utakakokwenda utaulizwa ushahidi wa ununuzi. Mama anaona kudai risiti ni kumshuku mwenzako. Nimembishia kwa heshima, na nitaendelea kumbishia. Sasa ana kopo la maziwa kabatini anamotia risiti zote.

Mimi huku Leicester, kuvujiwa kumenifunza ufundi kwa lazima. Fundi bomba wa hapa huenda akakutoza kwa kufika tu, hajagusa kitu. Koki ya sinki langu la bafuni ilipoanza kudondosha, nilifunga valvu kuu ya maji, ambayo katika nyumba nyingi za hapa iko chini ya sinki la jikoni, kisha nikafungua koki mpaka maji yaliyobaki yaishe. Tundu la sinki niliziba kwa kitambaa, maana skrubu ikitumbukia humo kazi imekuwa mbili. Spana nayo niliifunga kitambaa mdomoni isikwangue koki. Kichwa kilipotoka nikakiona kile kipira, washa, kimebonyea na kukauka. Hizi ni koki za kuzungusha mara kadhaa. Zile za robo mzunguko kwa kawaida zina visahani vya kauri na hazina washa, unabadilisha moyo wake mzima.

Kipira hicho nilikwenda nacho dukani kama sampuli, kama tulivyofundishwa nyumbani. Duka dogo, la mzee wa Kihindi aliyezaliwa Jinja na kufukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 pamoja na maelfu wengine, ambao baadhi yao walifikia mji huu. Aliposikia nazungumza kwenye simu akanikaribisha kwa Kiswahili. Akakitazama kipira: "Hii nusu inchi. Ya bafu ndiyo robo tatu." Maneno yaleyale ya mafundi wa Tanga! Hesi za mabomba ya kwetu na ya huku zina asili moja, kipimo alichokipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, kwa hiyo koki ya hapa inaweza kukaa kwenye bomba la mama.

Jioni ile nilimpigia mama kwa video nimwonyeshe namna ya kubadilisha kipira. Alifuata vizuri: akaenda nje, akaifunga valvu karibu na mita, akarudi akafungua koki mpaka maji yakakatika. Nikamwambia sasa achukue spana. Akatikisa kichwa.

"Hapa nimejifunza, mwanangu. Maji nitafunga mwenyewe yasimwagike. Kufungua namwachia fundi. Naye ana watoto."

Sikumbishia.