Kibodi ya Wajerumani na mkono wangu

Jamani, niko hapa Hamburg. Baridi ipo, kazi ipo, na sisi tupo.

Shangazi, mkono unaendelea vizuri. Daktari alisema nipunguze mausi, na mnajua kazi yangu ni kuandika barua na ripoti kutwa nzima. Mkono ukigoma, mshahara haupo, na ada za watoto hapo nyumbani hazitoki. Kwa hiyo sasa menyu naziendesha kwa vitufe.

Shida ni kwamba kibodi ya Kijerumani ina mambo yake. Ctrl imeandikwa Strg, na herufi Z na Y zimebadilishana nafasi. Huko kwenu Ctrl+Z, ile ya kutengua ulichofanya mwisho, iko chini kushoto, mkono mmoja unatosha. Hapa Z iko juu, kati ya T na U, vidole vinatanuka mpaka kifundo kinalia. Pale chini imekaa Y, ambayo kazi yake ni kinyume: inarudisha ulichotengua! Na kwenye Word ya Kijerumani, kukoleza maandishi ni Strg+Shift+F, kwa sababu wao wanasema "fett".

Uzuri ni kwamba LibreOffice inakuachia upange mwenyewe. Kwenye ile ya Kiingereza fungua Tools, halafu Customize, halafu Keyboard. Chagua vitufe, chagua kazi unayotaka vifanye, basi. Mimi nimebadilisha Z na Y, na kazi ninazotumia sana nimezileta upande wa kushoto. Word nayo inaruhusu, ila mlango wake umejificha ndani ya Options, kwenye Customize Ribbon.

Sasa, kompyuta ya kazini tunatumia wawili kwa zamu. Mwenzangu ni Mjerumani, kazoea Z yake ilipo, si haki akute mambo yamegeuzwa. Hapo hapo kwenye Keyboard kuna Save na Load. Mpangilio wangu nimeuhifadhi kwenye flashi, wake pia tumeuhifadhi. Nikiingia napakia wangu, nikitoka namrudishia wake. Hatujagombana hata siku moja.

Kaka, wewe mwenye stesheneri Tanga, hili ni lako. Wale vijana wako wanaochapa kutwa, kila mmoja awe na faili lake. Msisubiri viganja viume ndipo mkumbuke. Kompyuta ikichoka utanunua nyingine, mkono hauuzwi dukani.

Wasalimieni wote, na tuombeane uzima.