Sabuni Iko Ofisini

Kwenye chekechea ninayofanyia kazi hapa Leipzig, sinki la kunawia linaishia juu kidogo ya goti langu. Sabuni ya maji iko pembeni, mkono wa mtoto wa miaka mitatu unaifikia. Kila mtoto ana taulo lake, limetundikwa chini ya picha yake: huyu konokono, yule tufaha, kwa kuwa majina bado hawajui kuyasoma. Wakitoka bustanini wananawa, wakitoka chooni wananawa, kabla ya kula wananawa. Wakiwa wanasugua huimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili, kama sekunde 20 hivi. Mwanzoni unawasimamia, baadaye kazi yako inabaki kuwakumbusha wakunje mikono ya sweta.

Si kwamba Wajerumani wamezaliwa wasafi. Sheria yao ya kuzuia maambukizi inaitaka chekechea iwe na mpango wa usafi ulioandikwa, na mtoto wa chini ya miaka sita anayeshukiwa kuwa na kuhara kwa kuambukiza harudi mpaka ionekane kitabibu kwamba hatawaambukiza wenzake. Hata hivyo, baridi ikiingia norovirus hutupitia, watoto na walimu.

Kwetu Tanzania msingi upo, na ni mzuri. Mtoto anakula kwa mkono, kwa hiyo kunawa anakujua kabla ya kuhesabu. Anatumwa na birika na beseni, anawanawisha wageni akianza na babu, na maji yanamiminwa. Wa madrasa wanafundishwa udhu, viganja mara tatu. Kinachopungua ni sabuni, hasa wakati wake. Tazama mezani kwetu: kabla ya kula ni maji matupu, sabuni inaletwa watu wakishashiba, kuondoa mafuta na shombo ya samaki. Lakini vimelea vya kipindupindu na mayai ya minyoo huingia na tonge la kwanza. Maji peke yake hayaondoi vizuri uchafu ulioshikamana na mafuta ya ngozi. Sabuni ndiyo inayoubandua, kisha maji yanaondoka nao. Wala si lazima yawe ya moto.

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani nilitembelea chekechea moja saa nne, wakati wa uji. Beseni lilikuwa moja. Watoto walipanga mstari vizuri sana, kila mmoja akachovya mikono na kuondoka. Wa mwisho alinawa kwa maji yaliyokwisha kuwa ya kijivu.

"Mwalimu, sabuni ipo?"

"Ipo dada, iko ofisini. Tukiiacha nje haimalizi siku."

Simlaumu. Mche wa sabuni ni pesa, na yeye yuko peke yake na darasa zima. Lakini pale hakuna somo wala wimbo utakaosaidia, kwa sababu mtoto hawezi kutumia kilichofungiwa kabatini.

Dawa yake tunayo, haitoki Ulaya. Kibuyu chirizi kimetapakaa vijijini kwetu: dumu la lita tano linatobolewa kwa msumari wa moto, linaning'inizwa kwenye mti uliolazwa, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mtoto anakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika, mkono haugusi dumu. Kifunge kwa kimo chake, si chako, na kiwe karibu na choo. Badala ya mche, yeyusha sabuni ya unga kidogo kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko, ifunge kamba hapohapo. Pakiti moja inadumu muda mrefu, na hakuna wa kuitia mfukoni.

Sisi Watanzania wa huku Ujerumani tunapenda kuzichangia shule za nyumbani vitu vinavyopigika picha: rangi ya ukuta, bembea, mabegi. Nimewaambia wenzangu wa kikundi chetu cha michango kwamba safari hii tuchangie sabuni ya unga ya mwaka mzima, na posho ya mama mmoja wa jirani wa kujaza madumu kila asubuhi kabla watoto hawajafika. Bila yeye, ikifika wiki ya pili dumu ni kavu na watoto wamerudi kwenye beseni.