Chungu Kimoja cha Kanduyi na Bakuli la Mtoto

Kanduyi si mahali pa kusifiwa kwa majumba. Ni njia panda. Barabara kuu itokayo kwetu Mombasa, ikipita Nairobi, Nakuru, Eldoret na Webuye, hufika hapa kabla ya kuendelea hadi Malaba mpakani mwa Uganda. Na hapa ndipo tawi jingine linapoteremka kuingia mjini Bungoma na kusonga mbele hadi Mumias. Malori yenye makontena yaliyopakiwa Kilindini hupita mchana na usiku, hata mtu wa pwani akisimama kando ya njia huhisi kama mizigo ya nyumbani imemfuata. Asubuhi isiyo na mawingu, ukitazama kaskazini, unauona Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, ukiwa na rangi ya buluu iliyofifia.

Safari ya kutoka pwani hadi huku ni ya kale. Katika karne ya 19 misafara ya Waswahili ilifika Mumias, na kwa njia hiyo Uislamu ukafika katika ufalme wa Wanga. Wao walifuata pembe za ndovu. Sisi tulikuja tukiwa na mtoto wa miezi minane, mabegi mawili, na kijitabu cha kliniki ambacho hatukupenda kukifungua mbele ya watu.

Mmoja wetu alizaliwa Kanduyi, mwingine Kisauni. Kwa kuwa tunaishi Kisauni, mtoto wetu alianza kula kwa desturi za Kisauni. Miezi sita ya kwanza alinyonya tu, na Alhamdulillahi akanawiri. Kisha tukamwanzishia uji wa sima, mwepesi kama maji ya mchele, kwa kuwa nyanya yake alisema tumbo la mtoto ni changa. Jioni alipewa kipande cha hamri kilichochovywa katika chai ya maziwa. Mtoto alikunywa, akashiba, akalala. Lakini katika kijitabu, ule mstari wa uzani uliokuwa ukipanda ulilala naye. Mwezi wa saba haukupanda. Mwezi wa nane haukupanda. Muuguzi hakutugombeza, aliuzungushia alama kwa kalamu nyekundu na kutuuliza mtoto anakula nini. Tukajibu, "Uji." Akauliza, "Na nini kingine?" Tukanyamaza.

Fadhaa ile haikuwa yetu peke yetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 18 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika Kaunti ya Kilifi walikuwa 37 katika kila 100, kiwango kilichozidi cha kaunti nyingine zote. Kilifi ni jirani yetu, na wengi wetu tuna jamaa huko. Samaki wapo, nazi zipo, kunde na mchicha vipo. Na mtoto bado hudumaa karibu na chungu kilichojaa.

Tulifika kwa Kukhu, kama Wabukusu wamwitavyo nyanya, saa nne asubuhi. Baada ya "Mulembe" na maswali ya njiani, alimpokea mtoto, akampima kwa mikono yake, wala hakusema neno. Jioni alimwita mkwe wake achinje kuku, ili wote wale bila shaka. Kuku ni heshima ya mgeni katika nchi hii, na kila kiungo kina mwenyewe: firigisi ni ya mzee wa nyumba, na hapana anayeigusa. Lakini ini Kukhu alilichukua yeye, akalichemsha mpaka likaiva kabisa, akaliseta kwa mgongo wa kijiko, akalichanganya na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vilivyopondwa. "Hili ni la huyu," akasema. Mtoto alikula vijiko vitatu, akakunja uso, kisha akafungua kinywa tena.

Siku zilizofuata tulikaa jikoni zaidi kuliko sebuleni. Tuliona kuwa Kukhu hampikii mtoto chungu chake. Kuni ni ghali na kazi za mama ni nyingi. Chungu ni kimoja. Siri imo katika wakati wa kuchota. Siku ya pili alipika mushenye, chakula ambacho Waluhya wengi hukijua: maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yalichemshwa hadi yakalainika, kisha viazi vitamu vikatiwa humo humo. Vilipoiva vyote, kabla ya chumvi na kabla ya pilipili, alichota upawa mmoja akauweka katika bakuli safi. Ndipo akatia chumvi katika chungu cha watu wazima na kukirudisha motoni.

Bakuli lile lilikuwa na kazi yake. Aliponda maharagwe na viazi, akatoa maganda magumu, akanyunyiza unga wa omena. Dagaa hawa wa Ziwa Victoria huuzwa sokoni kwa gorogoro. Kukhu huwachambua, huwaosha kwa maji ya moto, huwakausha vizuri, huwakaanga bila mafuta, kisha huwatwanga katika kinu mpaka wakawa unga usiokwaruza koo. Kijiko kimoja cha unga huo hukifanya chakula cha mtoto kuwa na nyama bila ya nyama kununuliwa. Mwisho hutia matone machache ya mafuta au njugu karanga zilizosagwa laini. Chakula hakikuwa maji wala jiwe. Alikiinamisha kijiko mbele yetu: hakikumwagika. "Kikimwagika," akasema, "umempa maji."

Hapo tukaelewa kosa letu. Tumbo la mtoto wa miezi minane hupokea takriban kikombe kimoja tu kwa mlo. Uji mwepesi hulijaza kikombe hicho kwa maji, naye hushiba kabla hajapata nguvu. Tena madini ya chuma aliyozaliwa nayo hupungua afikapo miezi sita, na maziwa ya mama, kwa ubora wake wote, huwa na chuma kidogo. Kwa hiyo ini, nyama, samaki, mayai na jamii ya kunde si anasa ya mtoto bali ni haki yake. Na chai tuliyompa ilitudhuru mara mbili: haikuwa chakula, na huzuia mwili usichukue chuma kilichomo katika chakula.

Hakuna katika haya kinachopunguza daraja la kunyonyesha. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza kunyonyesha, na wataalamu wa afya nao hushauri mtoto aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Chakula huja juu ya ziwa, hakiji kuliondoa. Maradhi ya kwashakoo yalipata jina lake kwa Waga wa Ghana, nalo ni jina la ugonjwa unaompata mtoto azaliwapo mdogo wake: ziwa limeondoka, na kilichokuja mahali pake ni wanga mtupu.

Jambo jingine tulilojifunza Kanduyi ni kuchagua. Hii ni nchi ya mahindi. Ukipanda kuelekea Kitale unayaona mashamba hayana mwisho. Hata hivyo Kukhu hukaa chini na ungo akiondoa kila punje iliyobadilika rangi, na karanga zenye ukungu huzitupa wala hawapi kuku. Ana sababu. Mwaka 2004 mahindi yaliyoingia sumukuvu yaliua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya. Unga wa mtoto usichukuliwe katika gunia lililolowa.

Tulirudi Kisauni na kopo la unga wa omena, zawadi ya Kukhu kwa mwenziwe. Hatukumwambia nyanya kuwa alikosea. Alimlea mtoto wetu kwa mapenzi na kwa alichokijua. Tulimpa kopo na salamu, tukamwonyesha kijiko kilichoinamishwa. Alitazama kwa muda, kisha akasema kwamba mama yake alipokuwa akipika bokoboko, alikuwa akitoa kidogo kwa ajili ya mtoto kabla ya kutia chumvi. Alikuwa amesahau. Ngano na nyama, vilivyopikwa mpaka vikashikana: mushenye ya Waswahili ilikuwa jikoni mwetu muda wote.

Tangu siku hiyo chungu chetu ni kimoja. Kunde za nazi, mchicha na boga, ndizi za kupika, muhogo uliomenywa na kuiva sawasawa, mchuzi wa samaki na tungule: kila kimoja kina upawa wake wa mtoto, unaochotwa kabla ya chumvi na pilipili. Samaki tunamchambua kwa vidole mara mbili, kwa kuwa mwiba hauonekani katika mchuzi. Sukari hatutii, ndizi mbivu yatosha. Asali, ingawa ni dawa kwa mkubwa, hapewi mtoto ambaye hajatimiza mwaka, kwani huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo utumbo wake hauwezi kuvishinda. Njugu nzima hapewi, asije akapaliwa. Mikono huoshwa kwa sabuni, yetu na yake. Na kwa joto la Mombasa, mabaki ya bakuli hayangoji magharibi.

Kwa mwenye mtoto anayeanza, kipimo ni hiki. Afikapo miezi sita, anzeni na vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichosetwa, mkizidisha polepole mpaka nusu kikombe, mara mbili au tatu kwa siku. Kuanzia miezi tisa, kikatweni vipande vidogo, naye apewe mara tatu au nne, akijaribu kushika mwenyewe. Akitimiza mwaka, na ale cha nyumbani, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, katika bakuli lake, ili ionekane amekula kiasi gani. Asilazimishwe, akaliwe naye, azungumzishwe, angojewe.

Juma lililopita tulikifungua tena kijitabu. Mstari umeanza kupanda. Haujafika ulipostahiki kuwa, na muuguzi ametuambia turudi mwezi ujao. Jioni ile tulimpigia Kukhu simu. Hakuuliza kilo ngapi. Aliuliza kama kopo limekwisha, akasema atalituma jingine kwa basi la usiku.