Nilikwenda kumtoa mwanangu disko, nikakaa hadi saa sita

Msimu uliopita mwanangu wa miaka 19 alinitia hasara. Nilimwachia zamu ya kuamia ndege kwenye mpunga wetu hapa Rujewa, yeye akalala hadi saa tatu asubuhi kwa sababu alikesha akipiga singeli. Kwelea kwelea hawasubiri mtu aamke. Nikaichukua kompyuta yake, nikaifungia kabatini. Kwa wiki tatu ikawa shikamoo na marahaba tu, basi.

Jumamosi moja nikasikia anapiga muziki kwa kompyuta ya kuazima, katika ukumbi mdogo karibu na stendi. Nikaenda kumtoa. Nililipa kiingilio kama wengine, huku nimekunja uso.

Ukumbi wenyewe hauzidi darasa la shule ya msingi. Hakuna jukwaa. Kijana alikuwa nyuma ya meza, hatua mbili tu kutoka kwa wanaocheza, jasho linamtiririka. Singeli inakwenda mbio, hata zaidi ya midundo 200 kwa dakika. Nilitegemea kelele. Badala yake nikasikia gitaa la zilipendwa, kama lile ninalolisikiliza redioni kila Jumapili, limekatwa vipande, limeharakishwa, linarudiwarudiwa. Kumbe siku zote alikuwa anasikiliza pamoja nami.

Kilichonishangaza zaidi ni macho yake. Nyumbani hainui uso kwenye simu. Pale alikuwa akitazama miguu ya watu. Wakichoka, anapunguza kasi. Wakipaza sauti "rudisha!", anaurudisha wimbo mwanzo, nao wanaruka upya. Kwenye uwanja mkubwa huwezi kumwona mtu mmoja mmoja namna ile. Nikasahau kilichonipeleka, nikaagiza soda.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Akanieleza kuwa singeli ilizaliwa uswahilini Dar es Salaam, mitaa kama Manzese na Tandale, kwenye vigodoro. Na kwamba mwaka 2017 kazi za vijana wa studio ya Sisso, Mburahati, zilitolewa katika albamu ya Sounds of Sisso na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda, zikasikika hadi Ulaya. Akanisimulia pia jungle, muziki wa London wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana, wengi wao wenye asili ya visiwa vya Karibi, waliharakisha ngoma za rekodi za zamani, wakazipiga kwenye vilabu vidogo. Hata huko watu hudai wimbo urudishwe, desturi iliyotoka Jamaika. Usiku ule aliongea nami kuliko mwaka mzima.

Mzazi mwenzangu, sisemi tuwafungulie milango tu. Zipo singeli zenye maneno nisiyoweza kuyatamka mbele ya mama yangu, na usiku una mambo yake. Tulikubaliana hivi: Jumamosi tu, niujue ukumbi, saa sita na nusu awe nyumbani, na zamu ya shamba haiguswi. Kompyuta nikamrudishia. Ila kabla hujakataza, nenda kwanza ukasikilize mwenyewe.

Msimu huu mpunga umechanua vizuri. Alfajiri anatangulia shambani na spika yake ndogo, anasema ndege wanaikimbia singeli. Mimi nimemwambia abebe na kombeo.