Gari Likichemka Njia ya Ikutha

Ukiiacha barabara ya Mombasa pale Kibwezi na kuuvuka mto Athi kwenda Ikutha, msomaji, itazame geji ya joto. Mshale ukipanda ghafla, egesha kando uzime injini. Usifungue kifuniko cha rejeta kingali moto. Maji yatakurukia usoni. Waweke watoto mbali, mngoje kivulini nusu saa au zaidi.

Injini ikishapoa, tafuta penye majimaji: mipira ya rejeta, klipu zake, rejeta yenyewe, kisha pampu ya maji. Mpira ukiwa umepasuka karibu na klipu, na urefu unatosha, kata ncha mbovu kwa kisu, urudishe na kukaza kwa bisibisi. Rejeta au pampu ikivuja, hiyo ni kazi ya fundi.

Sasa maji. Huku watu huchimba mchanga wa mito mikavu, wakajaza mitungi na kubebesha punda. Mtungi utakaopewa na mama wa njiani ulikuwa wa ugali na mbuzi wake. Kwa hiyo beba lita 20 zako kutoka Kibwezi (mimi nilijifunza kwa aibu). Ukiishiwa, omba kwa adabu, ulipe, na usimimine hata tone kabla ya kuziba panapovuja. Kisha washa injini, chungulia mpira, umrudishie mama mtungi wake.